UZI: Kitabu kina sheria 64, wanafunzi wanakumbuka 9. Tuzungumze nidhamu ya sekondari

ChakiNyeupe (mwenye uzi)

Wakuu, habari za saa hizi. Mimi ni mwalimu wa sekondari, na kwa miaka 14 nimekuwa kwenye kamati ya nidhamu. Kuna jambo limenikaa moyoni, naomba tulijadili kwa utulivu.

Wiki ya kwanza ya muhula mmoja niliingia darasani, kidato cha tatu, nikagawa karatasi tupu. Nikawaambia waandike sheria zote za shule wanazozikumbuka, bila kuangaliziana. Kila mmoja wao alisaini kitabu cha sheria siku aliyojiunga, na mzazi wake akasaini chini yake. Kitabu kina sheria 64. Aliyekumbuka nyingi kuliko wote aliandika 9. Karibu karatasi zote zilianza na nywele, soksi, kuchomekea shati na simu. Sheria inayokataza kuonea wenzako ilikuwa namba 41. Iliandikwa na mwanafunzi mmoja tu, na baadaye nikaja kugundua kwamba huyo mmoja ndiye aliyekuwa akionewa. Nilipogundua, alikuwa ameshahama shule.

Karatasi yake ninayo hadi leo.

Tangu hapo nasoma vitabu vya sheria za shule kwa jicho jingine. Mpangilio wenyewe unafundisha. Ukianza na urefu wa sketi na ukaweka uonevu ukurasa wa tano, umeshamwambia mtoto kipi kinakuuma zaidi, hata kama mdomo wako unasema vingine kila asubuhi mstarini.

Tulikaa, walimu wanane na viranja sita, tukapitia kitabu kizima. Kila sheria tuliiuliza swali moja: inamlinda nani? Iliyokuwa na jibu ilibaki. Isiyo na jibu zaidi ya "ndivyo tulivyoikuta" tuliiweka kando. Zilibaki 17, na nyingi kati yake zinalinda vitu vinne: usalama wa mwili na moyo wa mtu, muda wa kusoma, ukweli, na mali ya wote.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa kwenye maneno. Kitabu cha zamani kilijaa maneno kama "tabia isiyofaa", "kuzurura ovyo", "kiburi", "utovu wa nidhamu wa aina yoyote". Maneno haya yana hatari yake. Mwalimu mwenye hasira anaweza kuliingiza humo kosa lolote, hata la mtoto aliyeinamisha kichwa tu kwa sababu ameona aibu. Leo mwanafunzi akicheka ni kiburi, kesho akinyamaza ni kiburi. Sasa tumeandika matendo. Badala ya "asizurure", tumeandika kwamba kengele ikilia awe ndani ya darasa, na akitoka wakati wa kipindi awe na ruhusa ya mwalimu aliye darasani. Badala ya "asiwe na kiburi", tumeandika kwamba asimtukane mtu, asimkatize anayezungumza, na kama hakubaliani na agizo alitekeleze kwanza ikiwa halimdhuru wala halimdhalilishi, kisha apeleke malalamiko yake kwa mwalimu mlezi siku hiyohiyo.

Naomba maoni yenu, hasa wazazi.

---

MzaziMakini

Mwalimu, nakuheshimu, ila hapa naona mnalegeza kamba. Sisi tulikunjwa tungali wabichi na tumenyooka. Mtoto wa miaka 15 ukimpa nafasi ya kuhoji kila agizo, kesho atakuhoji hata ukimwambia asivuke barabara. Sheria 64 si nyingi. Wakisahau, wasomewe tena. Na adhabu iwe kali, ya mfano, ili wengine waogope.

Mimi nina watatu sekondari. Nalipa ili wafundishwe na wanyooshwe.

---

ChakiNyeupe

Mzazi mwenzangu, hofu yako naielewa, kwa sababu na mimi nilianza kazi nikiamini hivyohivyo. Nikueleze nilichokiona.

Mtoto hapimi sana ukali wa adhabu. Anapima kama atakamatwa, na kama akikamatwa atatendewa sawa na mwenzake. Ukiwa na sheria 64, hakuna mwalimu anayeweza kuzisimamia zote. Kwa hiyo kila mwalimu anachagua zake. Mwalimu wa zamu wa Jumatatu anafuatilia viatu, wa Jumanne hajali viatu bali kelele, wa Jumatano hajali chochote. Wanafunzi wanajua ratiba hiyo kuliko ratiba ya vipindi. Wanachojifunza hapo ni kumsoma mkubwa wa siku hiyo, na hicho sicho unachotaka mwanao ajifunze.

Kuhusu adhabu ya mfano, Marekani waliijaribu kwa upana. Kuanzia miaka ya 1990 shule nyingi kule zilifuata sera ya kutovumilia kosa lolote: adhabu moja nzito, hakuna kuangalia mazingira. Mwaka 2008 jopo la Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani lilipitia ushahidi uliokuwapo, na halikuona kwamba sera hiyo ilifanya shule kuwa salama zaidi. Wanaosimamishwa masomo mara kwa mara ndio baadaye huonekana kuacha shule. Ukimtoa darasani mtoto ambaye tayari yuko nyuma, anarudi akiwa nyuma zaidi, na njia rahisi ya kuficha kutojua somo ni kuleta fujo.

Wa kuondolewa wapo. Aliyemjeruhi mwenzake, anayeingiza dawa za kulevya, anayetishia maisha ya mtu, huyo sitamtetea abaki darasani na wale aliowaumiza. Lakini shati lililotoka suruali lisishughulikiwe kwa rungu hilohilo.

---

WakiliKijana

Niongeze upande wa sheria, maana watu wengi wanadhani haki za mtoto ni maneno ya semina.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa, wa 1989, kifungu cha 28, unataka nidhamu ya shule isimamiwe kwa namna inayolingana na utu wa mtoto. Kifungu cha 12 kinampa haki ya kusikilizwa katika maamuzi yanayomhusu. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, wa 1990, nao unazungumzia nidhamu ya shule kwa maneno ya utu na heshima, na una kitu ambacho MzaziMakini atakipenda: kifungu cha 31 kinaorodhesha wajibu wa mtoto, ukiwemo kuheshimu wazazi na wakubwa. Haki na wajibu vimekaa kwenye karatasi moja.

Kuna kesi moja huwa naitolea mfano kila mara. Mwaka 1975 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua shauri la Goss dhidi ya Lopez. Wanafunzi katika mji wa Columbus, Ohio, walikuwa wamesimamishwa masomo hadi siku 10 bila kusikilizwa. Mahakama ikasema hata kwa siku chache hizo, mwanafunzi aambiwe anashtakiwa kwa lipi, aelezwe ushahidi kama anakana, na apewe nafasi ya kusema upande wake. Haikudai mawakili wala vikao virefu. Mazungumzo mafupi ofisini yanaweza kutosha, ilimradi yafanyike kabla ya kumtoa, isipokuwa kama ni hatari kwa wenzake pale alipo.

Dakika 10 za kusikiliza. Shule inayokosa dakika 10 huwa inapata wiki nzima ya kushughulika na mzazi aliyekuja juu.

---

BibiMstaafu

Wanangu, nimekuwa mkuu wa shule miaka mingi, sasa nimepumzika. Nataka kuzungumzia jambo moja tu, la kumkemea mtoto mbele ya wenzake.

Kijana wa umri ule ukimwambia kosa lake ofisini, mlango umeegeshwa, mara nyingi anainamisha kichwa na kukubali. Ukimwambia maneno yaleyale mbele ya darasa, hakusikilizi tena wewe, anasikiliza macho ya wenzake. Atajibu jeuri ambayo hata yeye hakuipanga. Halafu wewe utamwadhibu kwa jeuri hiyo, na lile kosa la kwanza mtakuwa mmelisahau wote wawili.

Niliijua hiyo kwa uzoefu kabla sijasoma popote. Baadaye nikakuta watafiti Margo Gardner na Laurence Steinberg waliipima mwaka 2005. Waliwapa watu mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta, wengine wakiwa peke yao, wengine wakiwa na wenzao. Vijana walioangaliwa na wenzao walijitosa kwenye hatari zaidi kuliko waliocheza peke yao. Kwa watu wazima kuwepo kwa wenzao hakukubadilisha sana. Nilipoisoma niliwakumbuka wanafunzi wangu wengi ambao niliwasukuma ukingoni kwa kuwasimamisha mstarini. Nawaomba radhi popote walipo.

Na walimu nao wana sheria zao. Mwalimu anayeingia dakika 20 baada ya kengele hana uso wa kumfungia mlango aliyechelewa dakika 5.

---

MwalimuFizikia

Bibi, shikamoo, na ahsante. Mimi naomba tuguse simu, maana ndiyo vita ya kila siku kwangu.

Nilianza kwa kunyang'anya na kufungia kabatini hadi mwisho wa muhula. Matokeo yake: simu ziliibiwa kabatini, wazazi walikuja na ghadhabu, na wanafunzi wakaanza kuja na mbili, moja ya kukamatwa na moja ya kutumia. Sasa tunafanya hivi: simu inazimwa na kukabidhiwa asubuhi, inaandikwa, inarudishwa saa ya kutoka. Ikikutwa darasani inakaa ofisini siku hiyo, na mara ya tatu mzazi anaitwa. Hakuna mwalimu anayefungua simu ya mwanafunzi kusoma ujumbe wake. Hiyo tuliandika kwa herufi nzito.

Ufaransa walipitisha sheria mwaka 2018 inayozuia matumizi ya simu katika shule za msingi na za kati, hadi wanafunzi wa miaka 15 hivi. Wakaacha nafasi kwa matumizi ya masomo na kwa wanafunzi wenye ulemavu wanaohitaji kifaa. Kinachonivutia pale ni hiyo nafasi. Nina mwanafunzi anayepima sukari ya damu kwa kifaa kilichounganishwa na simu. Sheria isiyomwona huyo ni sheria iliyoandikwa haraka.

---

MzaziMakini

WakiliKijana, kifungu cha 31 nimekisoma, ahsante. Na hilo la simu mbili ni kweli, nimelikuta nyumbani kwangu.

Bado nina swali. Heshima je? Mnazungumza usalama, muda, mali. Mimi nataka mwanangu amsalimie mkubwa, asimame mwalimu akiingia, asijibu kwa mkato. Hizo nazo mmezifuta kwa sababu hazilindi mtu?

---

ChakiNyeupe

Hapana, na nashukuru umeuliza, maana hata ndani ya kikao chetu hapo ndipo tulipogombana zaidi.

Tulichofanya ni kutenganisha sheria na matarajio. Sheria ni ile ambayo ukiivunja kuna hatua: onyo la mdomo, kisha la maandishi, kisha mzazi, kisha kamati. Matarajio ni tabia tunazozifundisha, tunazizoesha na kuzionyesha: kusalimu, kusikiliza mwenzako akijibu swali bila kumcheka, kuomba samahani kwa jina la kosa na si "samahani" ya kupita tu, kufunga bomba ulilolikuta wazi, kuokota karatasi ambayo hukuitupa wewe. Ukimchapa mtoto kwa kutosalimu, atasalimu kwa sauti na kukutukana moyoni. Lakini mwalimu anayewasalimu wanafunzi wake kwa majina kila asubuhi, baada ya mwezi anasalimiwa kabla hajafika mlangoni. Nimeliona.

Udanganyifu wa mitihani tumeuweka kwenye sheria, na mzito, kwa sababu unawaibia wote waliokesha. Ila hata hapo tunauliza sababu. Mwanafunzi anayepiga chabo kwenye hesabu peke yake, masomo mengine hana shida, huyo ana tatizo la hesabu. Anapata sifuri kwenye mtihani huo, mzazi anajulishwa, na anapangiwa mtu wa kumfundisha. Tukimpa sifuri peke yake, muhula ujao atatafuta njia bora zaidi ya kuficha.

Na sare, kwa kuwa naona inakuja: imebaki. Inapunguza mashindano ya nguo. Lakini mtoto asiye na sare kamili hatolewi darasani. Anayepaswa kuulizwa habari za sare ni mzazi, na akiwa hana uwezo shule inatafuta njia.

---

KidatoChaMwisho

Shikamooni wote. Mimi ni mwanafunzi, nasoma uzi huu tangu jana. Nina mambo mawili kama mtaniruhusu.

La kwanza ni kuchelewa. Kwetu aliyechelewa anapiga magoti nje hadi kipindi cha kwanza kiishe. Kwa hiyo aliyekosa dakika 5 anakosa 40. Sielewi inamsaidia vipi.

La pili ni viranja. Tuna kiranja wa bweni anayewaamrisha wa kidato cha kwanza wafue nguo zake, wamchotee maji, na anayekataa anaandikwa jina kuwa mkorofi. Jina likishaandikwa mwalimu wa zamu hamuulizi mtu, anatoa adhabu. Sheria zetu zinasema "kiranja aheshimiwe kama mwalimu". Je, hapo mdogo anafanyaje?

---

BibiMstaafu

Marahaba mwanangu. Umeuliza vizuri sana.

Kuhusu kuchelewa: kukaa nje ya darasa hakuwezi kuwa adhabu ya kukosa darasa. Aingie kimya, akae nyuma, na muda alioukosa aufidie mwisho wa siku. Akichelewa mara tatu aitwe aulizwe kinachotokea, maana wengine wanaamka usiku kuhudumia wadogo zao. Na umri wenyewe una mchango. Mwili wa kijana katika balehe huchelewa kupata usingizi usiku, kwa sababu homoni inayoleta usingizi hutoka baadaye kuliko kwa mtoto mdogo. Ndiyo maana mwaka 2014 madaktari wa watoto wa Marekani walishauri masomo ya vijana yasianze kabla ya saa 2:30 asubuhi, na jimbo la California likaja kuweka saa hiyo kisheria kwa shule zake za sekondari za juu kuanzia 2022. Sisemi kila shule ihamishe kengele. Nasema anayesinzia kipindi cha kwanza asiitwe mvivu kabla hajaulizwa alilala saa ngapi.

La kiranja namwachia ChakiNyeupe.

---

ChakiNyeupe

KidatoChaMwisho, hilo la pili ni uonevu, na cheo hakilibadilishi jina. Mtafiti wa Norway, Dan Olweus, aliyelifanyia kazi jambo hili karibu maisha yake yote, alitoa alama tatu za kulitambua: ni la makusudi, linarudiwa, na anayetenda ana nguvu ambayo anayetendewa hana. Angalia kiranja wako, alama zote tatu zipo, na moja shule yenyewe ndiyo iliyompa.

Norway ilianza kampeni ya nchi nzima mwaka 1983, baada ya vijana watatu kujiua mwishoni mwa 1982, na kuonewa na wenzao kukaonekana kuwa chanzo kikubwa. Mpango wa Olweus ulipofuatiliwa katika shule za Bergen, matukio yalipungua kwa nusu hivi. Walichofanya si miujiza: waliwauliza wanafunzi kwa dodoso lisilo na majina, wakaongeza walimu kwenye maeneo na nyakati ambazo uonevu hutokea, darasa likawa na sheria chache zinazoutaja uonevu waziwazi, na kila taarifa ya uonevu ikashughulikiwa na mtu mzima, si na mwanafunzi.

Kiranja ni msaidizi. Anaweza kukumbusha, kupanga foleni, kupeleka taarifa. Hatoi adhabu na hatumi mtu kazi zake binafsi. Shule inayompa kijana wa miaka 17 mamlaka ya kuadhibu wa miaka 13 usiku, bwenini, bila mtu mzima, inatafuta msiba. Kwetu tumeandika hivyo kwenye ukurasa wa kwanza, na orodha ya majina ya wakorofi tumeifuta. Kiranja akiona kosa anaandika lilitokea nini, wapi, saa ngapi, na mwalimu ndiye anayewaita wote wawili.

Sasa wewe, fanya hivi. Andika ulichokiona kwa macho yako: tarehe, saa, kiranja alisema nini, nani alikuwepo. Usiandike ulichosimuliwa na usiongeze neno. Wa kidato cha kwanza ambaye yuko tayari, mwache aandike lake mwenyewe kwa mkono wake. Msimlazimishe. Usiende peke yako, nenda na mwenzako mmoja mnayeaminiana, kwa mwalimu mlezi au mwalimu yeyote ambaye mnajua husikiliza. Mwombeni awaambie ni lini atawapa jibu. Siku hiyo ikipita kimya, nendeni kwa mkuu wa shule na nakala ileile, na mzazi mmoja ajue.

---

MzaziMakini

Mwanangu KidatoChaMwisho, mimi ndiye niliyekuwa nadai ukali hapo juu. Mdogo wa wanangu watatu yuko kidato cha kwanza, bwenini. Nimeona swali lako nikampigia mlezi wa bweni jioni hii, nikamuuliza nguo za viranja zinafuliwa na nani. Hakunijibu moja kwa moja. Jumamosi nakwenda mwenyewe.

---

WakiliKijana

Mzazi, ukienda, omba kitabu cha sheria na omba kionyeshwe kifungu kinachompa kiranja haki ya kuadhibu. Kama hakipo, umeshamaliza hoja. Kama kipo, kipige picha. Hicho ndicho cha kupeleka kwenye kikao cha wazazi.

---

KidatoChaMwisho

Nashukuru sana walimu na wazazi wangu. Nimeandika ukurasa mmoja na nusu. Wawili wa kidato cha kwanza wameandika na wao, wa tatu amesema anaogopa, tumemwacha. Kesho baada ya vipindi tunakwenda kwa mwalimu wa maktaba, maana yeye huwa anatuuliza kwanza.

---

ChakiNyeupe

Nendeni. Na yule wa tatu, mkae naye karibu wakati wa chakula na wakati wa kulala, wiki hii yote. Mkirudi, tuandikie hapa, nitakuwa nafungua uzi huu kila jioni.